Uji wa Sembe Safi

Deo alinipigia simu wakati nimeinama juu ya sufuria la makande, mkono mmoja mwiko, mwingine unapapasa simu kwenye mfuko wa aproni. "Dada Skola," akasema, "mama ametutoka." Nikasema pole sana, nikapunguza moto, nikaendelea kukoroga. Alilia, nami nikamsubiri, maana mtu akilia simuni huna la kumfanyia. Halafu akafika pale alipotaka kufika: maziko ni Jumamosi hapa hapa Nachingwea, na familia imekaa ikaona jiko la msiba nisimamie mimi, kwa kuwa mji mzima unayajua makande yangu. Tena kwenye ratiba wameweka nafasi ya mabinti waliolelewa na marehemu, nisimame niseme maneno mawili matatu. "Wewe ndiye binti wake pekee," akasema. Sikumwambia kwamba tulikuwa wawili. Nilikubali jiko, na hilo la maneno nikasema tutaona.

Watu wa hapa wanaamini najua kupika kwa sababu nilikaa kwa Mama Deo, aliyekuwa mwalimu wa sayansi kimu na mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa gauni lililopigwa pasi hata Jumatatu ya mvua. Wanaponisifu wanasema, huyu kafunzwa na mwalimu. Ni kweli nilifunzwa. Nilikaa kwake mwaka mmoja, mwaka wangu wa darasa la saba, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na karibu yote ninayoyajua kuhusu chakula yametoka ndani ya mwaka ule. Nusu nilijifunza kwa kukikosa. Nusu nyingine nilifundishwa na sista mmoja wa Meksiko, mwenye ndevu chache kidevuni na ulimi mkali kuliko wa mtawa yeyote niliyewahi kumjua.

Nyumba ya Mama Deo ilikuwa moja ya zile walizojenga Wazungu wa mradi wa karanga: dari juu, veranda ya wavu, jiko la nje, na nyuma stoo ambayo nadhani ilijengewa masanduku. Nililala humo, mimi na magunia ya mahindi na debe la mafuta ya taa. Mji huu ulianzishwa kwa ajili ya karanga, na ndani yake mimi nilikaribia kufa kwa kukosa karanga. Siku nikiwa na nguvu jambo hilo linanichekesha. Kabla yangu, stoo ile alilala Filomena, jirani yetu wa Nandagala kule Ruangwa, aliyenizidi miaka michache na aliyekuwa na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alikuwa amerudishwa kijijini amekonda, ngozi inambabuka, na nyuma yake likafuata neno kwamba ana ule ugonjwa. Siku zile UKIMWI hatukuutaja kwa jina, tulisema ule ugonjwa na kutazama pembeni. Ikasemekana mjini alikuwa na wanaume. Kwa hiyo mimi nilipochukuliwa kushika nafasi yake, kwa ahadi ya kumaliziwa shule, niliusiwa sana kuhusu wanaume. Hakuna aliyeniusia kuhusu ugali.

Mama Deo hakula dona. Dona kwake ilikuwa chakula cha wafungwa. Mahindi yake niliyatwanga kuondoa ganda, nikayaloweka, nikayaanika, ndipo yakaenda mashine, yakarudi unga mweupe unaokaribia kung'aa. Pumba zilikwenda kwa kuku, na kuku wa nyumba ile walinawiri mpaka wapita njia wakauliza wanalishwa nini. Mezani wao walikula ugali huo kwa nyama, kwa maharage, kwa kisamvu cha karanga ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekipika. Wakimaliza, mabakuli ya mboga yalirudi kabatini na kabati likafungwa kwa kufuli dogo la njano. Kilichobaki kwangu ni ugali uliopoa na ukoko wa chini ya sufuria. Nilimsikia siku moja akimweleza mgeni verandani, mtaratibu kabisa, kama anafundisha: "Msichana wa kazi usimzoeze mboga. Akizoea mboga anakuwa mwizi." Mgeni akaitikia, akachukua korosho nyingine sahanini. Baba Deo alikuwepo na gazeti lake, na nadhani katika mwaka ule wote alisoma magazeti mengi sana.

Mara moja, mwanzoni, nilijaribu kupika maharage kama tulivyopika nyumbani. Nilichota majivu ya jikoni, nikayaweka kwenye kifuu kilichotobolewa, nikamimina maji na kuyachuja taratibu, yakatoka maji ya rangi ya chai hafifu, yanayolainisha chochote kigumu. Mama Deo alisimama mlangoni akaniangalia, kisha akachukua lile bakuli akalimwaga uani. "Humu ndani hatupiki na majivu," akasema. "Majivu ni ya chooni. Ushamba wenu umeuacha Nandagala." Nikaomba radhi. Wakati ule niliamini kabisa kwamba yeye ndiye anayejua.

Ngozi ilianza mikononi. Ikawa nyeusi, ikakauka, ikapasuka, na mwisho ikatoka vipande kama rangi ya ukuta wa zamani, ikiishia kwenye kifundo cha mkono kana kwamba nimevaa glavu. Halafu shingoni, mzunguko mzima, panapopigwa na jua juu ya kola ya sare. Ulimi ukawa mwekundu, unawaka hata kwa maji. Tumbo likafunguka, halikufunga tena. Mwishowe nikaanza kusahau. Nilikuwa nakwenda bombani na kujikuta nimesimama na ndoo sijui nimefuata nini, na mara nyingine nililia bila sababu, au nilicheka, na Mama Deo akasema sasa ule ugonjwa umepanda kichwani. Kikombe changu akakipaka rangi ya kucha, alama nyekundu ukingoni, ili kisichanganyike na vya wengine.

Na bado asubuhi nilikaa darasani kwake. Hilo ndilo ninaloliona waziwazi kuliko yote: ubao, chaki, sahani kubwa aliyoichora na kuigawa vipande, na yeye akiuliza vyakula vya kujenga mwili. Alipenda kuniita mimi, kwa kuwa nilikuwa na kumbukumbu nzuri kabla haijachafuka. Nikasimama, mikono nimeificha nyuma, nikaimba: nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage, karanga. "Vizuri, Skolastika. Mpigieni makofi." Wenzangu walipiga makofi na wakati huohuo walikuwa wamesogeza madawati yao, kiasi kwamba nilikuwa na kisiwa changu peke yangu katikati ya darasa. Nilikuwa nimefunga karibu mwaka mzima, na nikapigiwa makofi kwa kutaja futari.

Jioni moja niliwasikia verandani, yeye na rafiki yake wa kwaya. Mimi nilikuwa chini ya dirisha nachambua mchele ambao nisingeula.

"Huyu wa pili sasa," Mama Deo alisema. "Wanakuja na ule ugonjwa kutoka huko huko vijijini, halafu lawama zije kwangu."

"Si umrudishe kwao?"

"Nitamrudisha. Ila nataka kwanza apimwe, daktari aseme mwenyewe. Nisije nikaambiwa nimemnyanyasa mtoto wa watu."

"Na mtihani wake?"

"Mtihani wa nini, mama? Wa kwenda nao kaburini?" Wakacheka, cheko la wanawake waliochoka na kazi. Sikuwa mjinga. Nilijua kilichokuwa kinanisubiri. Nikirudi Nandagala na neno lile, nitajengewa kibanda nyuma ya nyumba, nitasukumiwa chakula kwa kijiti, na kitakachobaki ni kungoja. Filomena alikuwa anangoja tayari.

Hakunipeleka hospitali ya mjini, ambako manesi wote walikuwa wanakwaya wenzake. Alinipeleka kwenye zahanati ndogo ya misheni upande wa Mnero, nyuma ya lori la mahindi, yeye mbele na dereva. Sista aliyetupokea aliitwa Konsuelo. Alikuwa mfupi, mnene, kavaa ndala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia vitu sokoni, kisicho na upole wowote. Alinishika kidevu, akanigeuza shingo kwenye mwanga wa dirisha. Akanyoosha mikono yangu juu ya meza.

"Toa ulimi. Unakula nini?"

"Sista, anakula tunachokula sisi," Mama Deo akajibu.

"Nimemuuliza mwenye ulimi."

Nikasema, "Ugali."

"Na nini?"

"Na ukoko."

Sista Konsuelo akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu kisicho na furaha hata chembe, na mgonjwa mmoja kwenye benchi naye akacheka kwa kutojua. Mama Deo akasogeza mkoba wake kutoka goti moja hadi lingine. "Kwa hiyo Sista, ndio ule ugonjwa?"

"Ungependa uwe?" Sista akaniachia mikono. "Basi siyo. Pole sana, mwalimu. Huu unaitwa pelagra. Unampata mtu anayelishwa mahindi matupu, tena yaliyovuliwa nguo. Dawa yake iko kabatini kwako." Akaanza kunawa mikono. "Huyu anabaki hapa. Kuna mwingine? Nyumbani, kijijini, popote, mwenye ngozi kama hii? Sema, maana wa namna hii wanakufa, na kuwaponya ni rahisi mpaka inatia aibu."

Mama Deo alitazama dirishani. Nakumbuka alikuwa na hereni ndogo za dhahabu. "Hapana, Sista," akasema. "Hakuna mwingine."

Mimi nilikuwepo, nimesikia swali na jibu, na kichwa changu kilikuwa kimejaa moshi kiasi kwamba jina la Filomena halikupita hata karibu. Mama Deo kichwa chake kilikuwa kizima. Nimeyapima maneno yale miaka yote hii nikichambua maharage, nikikuna nazi, nikingoja maji yachemke. Huenda kabla ya siku ile hakujua. Naweza kumpa hilo. Lakini tangu siku ile alijua, na alipanda lori akarudi kwake kupika.

Nililala kwenye wodi ya vitanda vichache, na Sista alinilisha kwa hasira. Hilo ndilo neno. Aliweka bakuli mbele yangu na kukaa ananitazama mpaka liishe, mikono kakunja, kama mtu anayedai haki yake. Nilipoweza kutembea alinipeleka jikoni kwake, chumba cheusi kwa moshi kilichokuwa na jiwe la kusagia alilochongewa na fundi wa kijijini kwa maelekezo yake, na hapo ndipo nikaona mwanamke aliyesoma akichota majivu ya jikoni, akiyachuja, na kuchemshia mahindi ndani ya maji yake. Nilishtuka nikasema, mwalimu kasema majivu ni ya chooni. Akaniambia huko kwao mahindi ndiko yalikozaliwa, na tangu maelfu ya miaka mabibi zake hawakuyala hivihivi. Waliyachemsha na chokaa au majivu mpaka ganda likabanduka lenyewe, wakayaosha, wakayasaga yakiwa bado na maji, wakayakanda, wakayapiga viganjani yakawa mikate myembamba ya kuchoma juu ya kikaango kikavu. "Majivu yanafungua mahindi," alisema. "Bila majivu unakula, unashiba, na mwili haupati kitu. Wazungu walipokuja kwetu walichukua mbegu. Mwanamke aliyejua kuipika walimwacha hapohapo amepiga magoti kwenye jiwe lake la kusagia. Wakaenda kupanda kwao, maskini wao wakala mahindi matupu, ngozi zikababuka, wakawa vichaa, na madaktari wakasema mahindi yana sumu." Akatema mate nje ya mlango. "Halafu wakayaleta na kwenu, vilevile bila mpishi."

Mahindi hayo aliyapika na maharage, na mara chache na mguu wa nguruwe, yakafumuka makubwa meupe, na mimi nikasema kwa furaha kwamba haya ni makande. Akasema kwao kuna ndugu yake na makande, na zamani sana, kabla ya Ukristo, wakubwa walikuwa wakila chungu hicho kwenye sikukuu zao na nyama ndani yake ilikuwa ya mateka waliochinjwa. Hivyo ndivyo walivyoandika watu waliofika siku zile, na walikuwa na sababu zao za kuandika mabaya, lakini yeye aliamini. Baadaye ikawekwa nyama ya nguruwe na watu wakaendelea kula. Nikamuuliza mtu ana ladha gani. "Waulize nyumba uliyotoka," akasema, akanisukumia bakuli la pili.

Alikuwa hivyo. Siku moja alitoka shambani kakumbatia mahindi yenye fugwe, yale yaliyovimba na kuwa na unga mweusi, ambayo kwetu tunayachoma moto tusije tukaambukiza shamba zima. Mpishi wa misheni aliacha kazi palepale akatoka nje. Sista alikaanga fugwe ile na kitunguu na pilipili, akala peke yake akifumba macho, akaniambia kwao matajiri wanaililia. Siku nyingine tulisaga pamoja karanga, ufuta wa Ruangwa na pilipili kali mchana kutwa, kwa ajili ya mchuzi mzito wa rangi ya udongo ambao kwao hutiwa na kakao, wa kumwagiwa kuku. Akasema huko kuna hadithi kwamba mchuzi huo ulibuniwa na masista kwenye nyumba yao ya kitawa, baada ya kusikia askofu anakuja na wakachanganya hovyo kila walichokuwa nacho. "Uongo wa masista," alisema. "Wanawake walikuwa wanasaga mchuzi huu kwenye mawe kabla hajafika askofu hata mmoja. Masista waliongeza viungo, wakachukua sifa zote." Karanga zimetoka upande wake wa dunia, ufuta umetoka upande wetu, na vyote viwili vilikutana tumboni mwangu na ngozi ikaanza kurudi, nyororo na ya waridi kama ya mtoto mchanga.

Akili ilirudi baada ya ngozi. Asubuhi moja nilikuwa namenya karanga, nikaona mikono yangu, na ndani ya mikono yangu nikaona mikono ya Filomena siku aliposhushwa Nandagala, glavu zilezile, na shingoni mzunguko uleule. Niliangusha ungo. Nikamkuta Sista anafunga kidonda cha mtu, nikamwambia yuko mwingine. Hakuniuliza kwa nini sikusema mapema. Aliuliza ni wapi, na kama anaweza kumeza.

Gari la misheni lilikuwa juu ya mawe, breki zake zikingoja kipuri kutoka Lindi, na mvua ilikuwa imekata njia. Sista alimtukana fundi kwa Kihispania kila asubuhi. Kipuri kilipofika tuliondoka bila kunywa chai, na nyuma tulikuwa na karanga zilizosagwa, mayai yaliyofungwa kwenye majani makavu, maharage, maziwa ya unga na mahindi yaliyokwisha kupitishwa kwenye majivu. Njia nzima nilimweleza Filomena alivyokuwa anaimba. Nilikuwa nimekwisha kupanga tutakavyorudi naye, mimi nyuma, kichwa chake mapajani pangu.

Tulipofika Nandagala wanawake walikuwa wamekaa chini nje ya nyumba yao, na udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Alikuwa amezikwa siku iliyotangulia. Mama yake alinishika miguu, akashangaa nimepona, akasema labda Mungu kachukua mmoja akaacha mmoja. Kisha, kwa Kimwera, nami nikimtafsiria Sista neno baada ya neno, akaeleza jinsi alivyomuuguza. Mwalimu wa Nachingwea alikuwa mwema, alisema. Alimrudisha Filomena pamoja na gunia la sembe yake mwenyewe, sembe safi isiyo na pumba, akaagiza apewe uji mweupe mtupu, asitiwe karanga wala maharage, kwa kuwa tumbo halitaweza. Yeye alishika agizo kama dawa. Wengine ndani ya nyumba walikula dona na kisamvu, mgonjwa akala cha heshima. Uji aliuchuja kwa kitambaa usiwe na hata chenga moja. "Karanga alizipenda," akasema. "Alikuwa akiziona analia, ananyoosha mkono. Nikazificha juu ya dari." Akainuka akatuletea gunia tuone, limebaki unga kidogo pembeni, mweupe, mzuri.

Nilitafsiri mpaka hapo nikakwama. Sista alikuwa ameelewa. Mdomo wake ulifunguka, nikamwona anatafuta pa kuanzia, nikajua sasa atasema, kwa kuwa sikuwahi kumwona akishindwa kusema kitu. Alipiga magoti kwenye udongo, akamshika yule mama mikono yote miwili. "Mwambie alimtunza vizuri," akaniambia. Nikamwambia.

Ndani ya gari, mayai yakigongana nyuma, alisema bila kunitazama, "Ukimwambia, utamzika na yeye. Hili ni letu wawili. Utakufa nalo."

"Na Mama Deo je?"

"Mama Deo ana Mungu wake."

"Mungu huyo alikuwa wapi breki zilipokuwa Lindi?"

Akaniambia ninyamaze. Tulipofika alikwenda jikoni, akawalisha kuku wa misheni yale mahindi yote tuliyokuwa tumeyapika na majivu, akifinyanga na kurusha, akifinyanga na kurusha. Mtihani niliufanya kutokea misheni, mikono bado ina mabaka, na sikuchaguliwa. Sista alirudishwa kwao miaka ya baadaye akiwa mzee, akaniachia jiwe la kusagia. Nilifungua kibanda cha makande karibu na stendi, kikawa kantini, na mteja wangu mmoja wa kila Ijumaa, mpaka meno yalipomwishia, alikuwa Mama Deo. Alikaa meza ya mbele. "Huyu nimemfundisha mimi," aliwaambia watu, akipangusa midomo. Nilimpakulia, nikapokea pesa, nikasema karibu tena mwalimu. Mnajua kwa nini. Kila nilipotaka kulisema lile jambo, njia yake ilipita palepale, kwenye dari la nyumba ya Nandagala, kwenye karanga zilizofichwa. Nisingeweza kumfikia mmoja bila kumkanyaga mwingine.

Jumamosi nilifika nyumbani kwao kabla ya waombolezaji. Jiko la nje ni lilelile. Nilichota majivu ya jiko lake, nikayachuja uani kwake, nikayamimina kwenye mahindi ya msiba wake, na hakuna aliyenikataza. Ikafika zamu ya mabinti. Wasifu ulikuwa umekwisha kusomwa: mwalimu wa lishe, mama wa yatima, mlezi. Nilikuwa nimekuja nimejiandaa. Nilikuwa nimeamua kwamba nimefika umri wa kutosema uongo kwa ajili ya mtu yeyote, na maneno yalikuwa mdomoni, ya kwanza hata nimeyatoa: "Tulikuwa wawili. Mwenzangu aliitwa Filomena."

Ndipo nikamwona. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, chini kwenye mkeka, kanga mpya, miguu kainyoosha, bibi kikongwe aliyeletwa na bodaboda kutoka Nandagala kuja kumshukuru aliyempa mwanawe sembe. Alikuwa amesikia jina la mtoto wake likitajwa kwenye kipaza sauti, mbele ya padri na watu wa serikali, na uso wake ulikuwa umefunguka wote. Alikuwa anatabasamu. Akamgusa jirani yake, akajionyesha kifuani: ni wangu huyo.

Nikakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Filomena alipougua," nikasema, "mwalimu alimpa sembe, na mama yake akampikia uji. Sina zaidi." Nikarudisha kipaza sauti. Walisema amina. Deo akanikumbatia, machozi yake yakaingia shingoni mwangu, pale pale palipokuwa na ule mzunguko, na nilitamani kumsukuma.

Wakati wa chakula nilimpelekea yule mama sahani mwenyewe, nikakaa naye mkekani. Alinishika mkono, akaugeuzageuza, akaitazama ngozi yake.

"Umesema vizuri, mwanangu," akasema. "Wewe unajua mambo ya chakula. Nimetaka kukuuliza siku nyingi. Ule uji, ulimsaidia?"

"Ulimsaidia, mama."

"Niliuchuja sana."

"Najua. Kula, makande yatapoa."

Alikula taratibu, akitafuna kwa fizi. Nilikuwa nimetia karanga nyingi, na alipozigundua akaziweka kando ya sahani, moja moja, akasema tangu siku zile hagusi karanga. Nikasema sawa mama. Nikazichukua zile karanga kutoka sahanini mwake, nikazila mimi.